Kila Mtu Ananijua Ila Benki Yangu

Siku hizi huwezi kuingia jengo lolote mjini hapa bila kuandika wasifu wako getini. Liko daftari kubwa la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula na mtu mwenye subira zake: tarehe, jina, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu, muda wa kuingia, sahihi, muda wa kutoka. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza isije ikaibwa. Kalamu ya shilingi 300 inalindwa kwa kamba, namba yangu ya simu imeachwa juu ya meza inapunga upepo.

Nimeshauliza mara nyingi: hii namba yangu mnaipeleka wapi? Walinzi wetu wana adabu, siwasingizii. Kijana atasimama, atasema, “Shikamoo mzee. Ni utaratibu tu.” Ukishaambiwa utaratibu ujue mjadala umefungwa. Unajaza.

Kwa kuwa mbele yangu daima yuko mtu anayetafuta miwani yake, na mimi nikiona maandishi siwezi kuyaacha, huwa nawasoma walionitangulia. Yuko mmoja kaandika anatoka nyumbani, anakwenda “utumishi”, na kwa jinsi sahihi yake ilivyotetemeka unajua kabisa kaitiwa barua ambayo si ya kupandishwa cheo. Chini yake bwana wa kampuni ya kukusanya madeni, anakwenda ghorofa ya tatu. Ukifunua ukurasa wa jana, kampuni ile ile, ghorofa ile ile. Ghorofa ya tatu wana shida, na mimi nisiyehusika nimeshajua kabla hata sijapanda lifti.

Mpwa wangu alijaza namba yake kwenye geti la ofisi moja huko Posta. Jioni akapokea ujumbe: “Mambo. Ni mimi wa getini. Leo umependeza.” Binti akamjibu kwa ukali kwamba hiyo namba hakumpa yeye. Jibu likarudi haraka: “Samahani dada, nilikuwa nahakiki.”

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, ameamua kupigana vita hivi kivyake. Akifika getini anajaza: Kinjekitile Ngwale, anatoka Ngarambe, anakwenda mapokezi. Kinjekitile Wajerumani walimnyonga mwaka 1905, lakini kwenye madaftari ya Dar es Salaam bado anaonekana, anafuatilia mafao. Siku nyingine mwalimu anaingia kwa jina la Mkwawa, anatoka Kalenga. Mlinzi anasoma, anatikisa kichwa kwa heshima, “Ahsante mzee Mkwawa, pita kushoto.” Hajawahi kuulizwa swali hata moja. Mwenye nia mbaya naye anaandika analotaka. Tunaonaswa na daftari ni sisi wajinga tunaoandika majina tuliyopewa na wazazi.

Wanangu wananiambia nahangaika na vitu vidogo. Wao wanaogopa Wamarekani. Wananieleza kwamba simu inanifuatilia, kwamba kila ninachobonyeza kinaandikwa mahali, kwamba Facebook walipoinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 hawakutoa fedha zote hizo kwa mapenzi ya salamu zetu za asubuhi njema zenye picha ya waridi. Sawa, nimeogopa. Lakini Mmarekani huyo, ili anijue, anahitaji mitambo, wahandisi na umeme usiokatika. Kijana wa steshenari ya mtaani kwetu amenijua kwa flashi moja yenye virusi.

Steshenari yetu iko kati ya saluni na banda la chipsi. Ina kompyuta moja, printa moja inayokohoa, na kijana mmoja anayejua siri za kata hii kuliko paroko na shehe ukiwajumlisha. Ukitaka kuchapa kitu anakwambia, “Nitumie WhatsApp.” Unamtumia. Kila mtu anamtumia. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, majibu ya vipimo, mikataba ya viwanja, kopi za vitambulisho mbele na nyuma. Hafuti kitu, na anasema kwa fahari kwamba hafuti, “maana wateja huwa mnarudi.” Kwenye kioo cha kompyuta mafaili yamejaa mpaka picha ya timu yake iliyoko nyuma haionekani: BARUA KUACHA KAZI FINAL, BARUA KUACHA KAZI FINAL YA MWISHO, CV NEEMA MPYA, MKATABA NYUMBA, WOSIA MZEE USICHAPWE BADO.

Juzi nilikwenda kuchapa barua ya kuomba kuunganishiwa maji. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja wanasubiri zamu. Kijana akatafuta, akatafuta, kisha akapaza sauti ili aishinde redio ya saluni:

“Mzee wangu, ya kwako ni ipi, hii ya mkopo au hii ya talaka?”

Benchi zima likanigeukia. Nikasema ya kwangu ni ya maji.

“Aa. Sasa hii ya talaka ya nani?”

Watu wakaanza kutazamana. Mama mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi, macho yake yako darini, akasema taratibu, “Hebu we ichape tu.”

Karatasi zilizochapwa vibaya pale hazitupwi. Zinahamia kwa mama maandazi. Asubuhi moja nilifungiwa maandazi yangu kwenye fomu ya maombi ya mkopo ya mtu. Haikuwa kipande, ilikuwa fomu nzima: majina matatu, mwajiri, cheo, mshahara kabla ya makato, mshahara baada ya makato, na alama ya pini pale ilipokuwa picha ya pasipoti. Mafuta yalikuwa yameshafika kwa wadhamini. Nilipoona kinachobaki kwa yule ndugu baada ya makato, andazi la pili likanishinda. Nikamwambia mama maandazi kwamba hizi ni taarifa binafsi za mtu, si vizuri kufungia vitafunwa. Akanitazama kwa huruma.

“Baba, magazeti ya kilo yamepanda bei.”

Tusiseme sheria haipo. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake Rais Samia akaizindua Aprili 2024. Nimeisoma. Ukiiondolea lugha ya wanasheria inasema jambo ambalo hata bibi yangu angelisaini: anayechukua taarifa zako akwambie ni za nini, achukue zile zinazohitajika tu, asizipeleke kwenye shughuli nyingine, na azitunze vizuri. Sheria nzuri sana. Nilijaribu kumwelezea mlinzi mmoja getini. Alinisikiliza kwa utulivu mpaka nikamaliza, kisha akanisogezea kalamu.

Kenya wenzetu walitangulia, sheria yao ni ya mwaka 2019, na Kamishna wao ameshaonyesha meno. Septemba 2023 klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 1.85 za kwao kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ya Uthiru ikatozwa milioni 4.55 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Habari hiyo niliisoma mara mbili, kisha nikaomba kikokotoo. Mimi harusi zote za ukoo huu napigwa picha wakati mmoja tu: mfupa wa kuku uko mdomoni. MC akitoa hotuba hawanipigi. Nikitoa zawadi hawanipigi. Nikianza kuguguna, taa inawaka, na kesho yake niko mtandaoni na maneno “wazee walikuwepo”. Hata kama faini yenyewe isingefika mfukoni mwangu, ningekwenda kushuhudia ikilipwa.

Mwaka huo huo wa 2023 watu walijaa pale KICC Nairobi kuchungulia kwenye kidude cha mviringo cha Worldcoin, kikawapiga picha mboni za macho, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Agosti serikali ikasimamisha zoezi, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Wachambuzi walilaani kwa nguvu zote kwamba watu wameuza macho yao kwa bei ya chee, na huenda wana haki. Mimi nilibaki na swali dogo tu: kumbe kuna mahali wanalipa? Maana mimi nimeshatoa jina, simu, sahihi, kidole na kopi ya kitambulisho katika kila ofisi kuanzia Kariakoo hadi Tegeta, na sijapewa hata soda.

Na hiyo kopi ya kitambulisho nayo, nani anaifungua tena? Nina hakika mahali fulani kuna chumba kimejaa uso wangu mpaka dirishani.

Lakini wavujishaji wakubwa kuliko wote ni kamati za harusi. Unaingizwa kwenye kundi usiku ukiwa umelala. Asubuhi saa kumi na mbili, kabla hujanawa uso, katibu ameshabandika orodha: jina, ahadi, alicholipa, salio. Waliomaliza wana alama ya kijani. Wengine wameachwa watupu mbele ya umma. Kuna watu wazima kwenye orodha ile, wakuu wa idara, wanaonekana wamelipa elfu kumi tangu Pasaka. Na kundini humo wamo wakwe, wamo mabosi, wamo watu ambao hakuna anayejua waliingiaje, wanasoma tu.

Mwenye nyumba wangu naye yumo; bibi harusi anamwita mjomba. Wiki ile nilikuwa nimemwomba anivumilie kodi mpaka mwisho wa mwezi, naye kwa utu wake akakubali. Kesho yake katibu akabandika orodha. Mbele ya jina langu: ahadi 300,000. Haikupita nusu saa simu ikaita. “Hongera bwana,” akasema mwenye nyumba, sauti tamu kabisa, “naona mambo yamekaa sawa.”

Tukirudi kwenye simu zenyewe, nani amesahau ule usajili wa laini kwa alama za vidole? Mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, na nchi nzima ikawa kwenye foleni: kwanza NIDA kutafuta namba, kisha kwa wakala chini ya mwavuli kutoa kidole. Tuliambiwa sasa matapeli basi, kila laini ina mwenyewe. Tukafurahi. Wakala akaniambia, “Mzee, haijasoma, weka tena.” Nikaweka tena. “Futa jasho, weka tena.” Nikafuta, nikaweka. Mdogo wangu alipitia kwa wakala wa namna hiyo hiyo. Baadaye alipobonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, alikuta ukoo mzima wa namba asizozijua. Mojawapo aliipigia. Akapokea mtu, akamwambia kwamba laini hiyo ni yake kihalali na akimsumbua tena atampeleka polisi.

Ule ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii” haujawahi kuchukua likizo. Naupeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, kama tulivyoelekezwa, kwa utii. Nimefika mahali 15040 nawasiliana nayo kuliko ndugu zangu wa damu, na hainiombi mchango wa harusi.

Kuna na mikopo ya simu. Nilianza kupata ujumbe kwamba bwana fulani, majina matatu yametajwa, amekopa, amekwepa, na mimi ni mtu wake wa karibu, nimwambie alipe kabla hajaaibishwa. Nilihangaika sana kumkumbuka huyo mtu wangu wa karibu. Mwisho nikagundua kwa kulinganisha namba: kwenye simu yangu yumo, nimemhifadhi kwa jina la “Fundi Friji Mbagala”. Alikuja nyumbani akabadilisha gesi, akaondoka. Programu aliyokopea ilimeza majina yote yaliyokuwa kwenye simu yake, tukawa ndugu. Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za namna hiyo zisizo na leseni, Novemba 2024, na ninaishukuru. Ila mpaka leo namjua yule fundi kwa deni kuliko ninavyolijua friji langu, na nikimpigia kuhusu barafu hapokei, anadhani nimetumwa.

Sasa, baada ya hayo yote, baada ya kujulikana na walinzi, wakala, steshenari, mama maandazi na wadai wa fundi friji, nilibadilisha simu. Benki yangu ikafunga huduma yangu ya simu. Kwa usalama wangu.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki ukacheza, ukacheza, kisha binti mwenye sauti ya asali akanitaka nithibitishe kuwa mimi ndiye mimi. Majina matatu, nikataja. Tarehe ya kuzaliwa, nikataja. Namba ya NIDA, tarakimu zote 20, nikazisoma kidole kikiwa juu ya kadi.

“Ahsante baba. Swali la mwisho. Muamala wako wa mwisho ulikuwa upi?”

“Ni yale makato mliyokata nyie wenyewe.”

“Yalikuwa shilingi ngapi?”

“Hamkuniambia, mwanangu.”

“Pole baba. Hatujaweza kuthibitisha kuwa ni wewe.”

Nikaenda tawini. Nikajaza daftari getini, bila shaka. Na hapo Mungu akanionyesha neema, maana aliyekuwa dirishani ni binti wa jirani yangu. Kipaimara chake nilikula pilau mpaka nikaomba maji.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Mama hajambo?”

“Hajambo, anakusalimu. Mguu wako unaendeleaje?”

Mguu wangu anaujua. Nikampa kadi ya NIDA, nikasaini anaponionyesha. Akaangalia sahihi, akaangalia kioo, akaangalia sahihi. Akainama kwenye dirisha na kushusha sauti.

“Baba, mimi nakufahamu. Mfumo ndio haukufahamu.”

Sahihi ya kwenye mfumo niliiweka nikiwa kijana mwenye mbwembwe, ina mikia miwili na kitu fulani cha kuzunguka. Siku hizi nasaini nikitetea tu uhai. Mfumo ukaamua hatujawahi kuonana. Binti akaniambia nilete barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, yenye picha ya pasipoti iliyogongwa mhuri.

Barua ya mtaa haitoki kabla mjumbe hajaridhia. Mama mjumbe nilimkuta barazani kwake na wageni, wengine wanasukana. Nikamwomba tuongee pembeni. Akasema hana mambo ya pembeni, yeye ni kiongozi wa watu. Akaniuliza, kwa ile sauti anayoitumia kwenye mikutano ya maji, ni benki gani, ni akaunti ya nini, ilifunguliwa lini, na kama mke wangu anaijua akaunti hiyo.

Alikuwa haijui. Sasa anaijua.

Nikiwa nimekaa ofisi ya mtaa nasubiri mtendaji arudi na mhuri, maana mhuri alikuwa ameondoka nao, simu yangu ikaita. Namba ngeni. Sauti ya kijana, tulivu, ya mtu aliyesoma.

“Habari ya mchana. Naongea na mzee...” Akayataja majina yangu matatu bila kukwama, pamoja na lile la babu ambalo hata mapadri hulikosea. Akataja mwaka niliozaliwa. Akataja tawi langu. Akasema anajua nimebadilisha simu na huduma yangu imefungwa, poleni sana kwa usumbufu, na kwamba ataifungua sasa hivi, nimsomee tu namba ya uthibitisho itakayoingia kwenye simu yangu.

Nusura machozi yanitoke. Kijana hakunitaka barua, wala picha ya pasipoti, wala ule mkia wa pili kwenye sahihi. Ananijua tu.

“Mwanangu,” nikamwambia, “usikate simu. Jumatatu saa mbili asubuhi una nafasi? Twende wote pale tawini, ukawaambie haya haya uliyoniambia mimi.”

Hakujibu.

“Nauli juu yangu,” nikaongeza. “Na chai.”

Akakata.